Sahani Iliyoota Hewani

SURA YA TISA

Askari aliyewekwa mlangoni hakuwepo. Kiti chake cha plastiki kilikuwepo, gazeti lake lilikuwepo, limekunjwa kwenye ukurasa wa mpira, na chupa yake ya maji ilikuwa bado inatoka jasho la friji. Sindano aliitazama chupa ile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kutazamwa chupa ya maji. Mtu anayeondoka kwa hiari yake huondoka na maji yake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Saa nane mchana Mama Sahani angepandishwa kizimbani kujibu vifo vya watu kumi na mmoja.

Sindano halikuwa jina lake. Ni askari wenzake wa upelelezi waliompa, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuingia palepale panapouma, na alishaacha siku nyingi kushindana nao. Katika kazi hii ameshakamata wezi wa magari, waume walioua wake zao, na bwana mmoja aliyezikwa akiwa mzima wa afya ili akwepe kesi. Lakini hakuwahi kumwinda muuaji asiyeonekana kwa macho. Tangu juzi hakumpa mtu mkono. Jana jioni mwanawe wa kike alimkimbilia mlangoni, naye akarudi nyuma hatua mbili kama aliyekanyagwa, mtoto akabaki kasimama na mikono yake hewani.

Kilichowaua wagonjwa wa wodi namba sita ni bakteria wa tumboni. Watu walilazwa kwa mguu uliovunjika, kwa ngiri, kwa jiwe la figo. Wakapewa dawa kali za kuua vijidudu, dawa zikaua wema na wabaya, na yule mmoja asiyekufa kwa dawa zile akajikuta ameachiwa utumbo mzima peke yake. Wakaharisha mpaka wakaisha. Kila mara choo chao kililetwa hapa maabara kupimwa, na mara kumi na moja maabara ilijibu: hakuna kilichoota. Basi wodi haikufungwa, mashuka hayakuchomwa, na wagonjwa wapya wakalazwa kwenye vitanda ambavyo havijapoa. Siku arobaini. Ndugu wa marehemu walipoanza kujaa getini, uongozi wa hospitali ukatafuta shingo ya kuvisha kamba, ukaipata: mwanamke wa miaka ishirini na sita kazini, asiye na shahada, anayeotesha bakteria kwenye visahani vya plastiki mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mama Sahani.

Ndivyo inavyofanywa, na sisi tusiosahau tumeshaiona. Mwaka ule kiwanda cha betri kilipotia sumu kisima cha mtaa mzima, aliyefungwa ni mlinzi wa geti. Daraja lilipoanguka na mabasi mawili, aliyefungwa ni mchanganya zege. Juu ya mchanganya zege kulikuwa na saini saba za wakubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyelala rumande usiku mmoja.

Sindano alikagua utepe wa polisi mlangoni. Haukuguswa. Akaingia, akafunga nyuma yake.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, meza pande zote mbili, madirisha yamezibwa kwa rangi nyeupe hadi kimo cha mtu. Mwisho wa chumba, juu ya meza yake, kilikaa kile wanachokiita Sanduku. Lilikuwa la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kubwa kama jeneza la mtu mnene, na kila baada ya dakika moja lilishusha pumzi. Hakuna kingine kilichopumua humo ndani ila hilo na yeye.

Hao bakteria wa tumboni wana ajabu yao: hewa tunayovuta sisi ndiyo sumu yao. Kuwaotesha lazima uwape mahali pasipo oksijeni kabisa, na mahali hapo ni Sandukuni. Ndani kuna gesi ya mitungi, joto la mwili wa binadamu, na kikapu cha punje nyeusi zinazomeza kila chembe ya oksijeni inayopenya. Mbele kuna matundu mawili yenye mikono mirefu ya turubai laini, kama mikono ya koti lisilo na mwenyewe, na mwisho wa kila mkono kuna raba ya kubana. Mfanyakazi huingiza mikono yake mitupu, raba zikambana, akafanya kazi ndani bila hewa kumfuata.

Juzi Sindano aligundua kuwa punje zile zilikuwa zimekufa kitambo. Kuna mtu alichukua zilizotupwa akazirudisha kikapuni. Maana yake kwa siku arobaini Sanduku lilikuwa na hewa, na kila muuaji aliyeletwa humo alikufa kabla hajaonekana. Majibu yote kumi na moja yalikuwa uongo.

Ugunduzi huo, badala ya kumtoa Mama Sahani, ulimzamisha zaidi. Maana maabara ina kinga yake dhidi ya ajali ya namna hiyo. Kila siku, pamoja na sahani za wagonjwa, huwekwa sahani moja ya bakteria anayejulikana, mwepesi wa kufa akiguswa na hewa. Wenyewe humwita shahidi. Shahidi akiota, Sanduku ni zima na majibu yanaaminika. Asipoota, majibu ya siku hiyo yanatupwa. Na daftari la shahidi lilisema, siku arobaini mfululizo, ameota, ameota, ameota, na kila mstari una saini ya Mama Sahani. Mwanasheria wa serikali hakuhitaji zaidi. Sanduku lenye hewa haliwezi kuotesha shahidi, kwa hiyo mwanamke huyu aliandika uongo, na watu wakafa kwa uongo wake.

Rumande, Mama Sahani hakulia. Alimwambia Sindano kuwa alimwona shahidi kwa macho yake kila asubuhi, na kwamba hajawahi kuandika asichokiona, hata siku alipofiwa na mumewe alikuja kusoma sahani kwanza. Kisha, mlango ukiwa unafungwa, akasema neno moja la kazi.

"Mpande huyo shahidi mara mbili, afande. Mmoja ndani ya Sanduku, na mmoja nje, kwenye hewa hii ya bure. Usubiri siku mbili."

Siku mbili zilikwisha asubuhi hii.

Mlango wa nyuma ulilia, na Sindano akawa na mkono kwenye bastola kabla hajageuka. Aliyeingia alikuwa fundi wa gesi, pande la mtu mwenye mabega ya kubebea mitungi, na ndicho kisa cha kuitwa Mitungi. Mkewe ni mdogo wake Mama Sahani.

"Usinipige risasi, afande," alisema. "Nina mitungi miwili ya kubadilisha na mama mkwe wa kutembelea. Kimojawapo kitaniua chenyewe."

Sindano alimuuliza kama amemwona askari wa mlangoni. Mitungi akasema alimpishia njia kwenye ngazi. Aliitwa na uongozi, alikuwa anavaa kofia huku anatembea.

Sindano alikuwa na jambo la kumaliza naye kwanza. Wiki ile ile mambo yalipoanza kuharibika, ni yeye aliyebadilisha mtungi wa gesi, na hospitali ilikuwa inapenyeza maneno kwamba huenda alifunga gesi isiyo yenyewe. Tena ilijulikana kuwa yeye na shemeji yake hawakusemezana mwaka mzima kwa sababu ya nyumba ya wakwe. Kwa hiyo Sindano, bila kumwambia, aliupeleka ule mtungi ukapimwe nje. Majibu yalikuwa mfukoni mwake tangu saa mbili. Gesi ilikuwa safi, vipimo vyake sawasawa. Akamweleza.

Mitungi akasema, "Kumbe na mimi ulinipima."

"Nilikupima."

"Nimeota au sijaota?"

"Hujaota. Nyoosha mkono unishikie hiyo tochi."

Sahani ya nje ilikuwa kwenye kabati la joto la kawaida, lisilo na gesi wala kikapu, hewa ya bure tupu, kama alivyoagiza mwenye kazi. Sindano aliipanda mwenyewe juzi kutoka kwenye kichupa cha shahidi, akaibandika karatasi yenye saini yake. Kama shahidi alikuwa shahidi kweli, sahani hii ingekuwa tupu, mng'aro mtupu kama kioo. Alivaa glovu, akafungua kabati, akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga.

Ilikuwa imejaa. Mistari yote aliyoichora ilikuwa imevimba madoa ya kijivu, bapa, yamebanana kama upele.

  Alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulikuwa na uso wa mtu.

Alimwambia Mitungi polepole, kama anayejisomea. Kiumbe kinachokufa kwa hewa kimeota kwenye hewa. Haiwezekani. Basi kilichokuwa kichupani si shahidi, ni bakteria mwingine mwenye sura ya kufanana naye, asiyejali hewa iwepo isiwepo. Huyo angeota Sandukuni likiwa zima na angeota likiwa limeoza. Mama Sahani alimwona kila asubuhi kwa macho yake, akaandika alichokiona. Hakuandika uongo. Alipewa uongo, nao ukaota mbele yake.

"Mbona hakumtambua?" Mitungi aliuliza. Kisha akajijibu mwenyewe, akikuna shingo. Watu wa zamani kama shemeji yake wanawatambua wadudu hawa kwa pua. Yule shahidi wa kweli ananuka kama zizi la farasi, hata ukiwa mlangoni unamjua. Lakini mwezi mmoja na siku kadhaa zilizopita ilitoka barua: marufuku kunusa sahani, ni hatari kwa afya, kila mtu avae barakoa na vifuniko vibandikwe gundi. Shemeji alilalamika mpaka wakamcheka. Alisema wamemfunga pua.

"Barua ilitoka lini hasa?"

Ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Sindano akaisogelea. Tarehe yake ilikuwa siku mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza kufa. Ni amri nzuri, ya busara, ambayo maabara yoyote ingepaswa kuwa nayo, na ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka. Chini yake ilikaa saini kubwa yenye mkia.

"Na kichupa cha shahidi kinatoka wapi?"

"Friza ya ofisini kwake. Ufunguo mmoja, anao shingoni. Kila Jumatatu anakileta mwenyewe, kama padri."

Mwenye saini na mwenye ufunguo alikuwa mmoja: mkuu wa maabara, daktari mwenye mvi safi na sauti ya upole, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Cheti kwa jinsi kuta za ofisi yake zilivyokosa nafasi ya msumari. Wiki iliyopita walikuja wakaguzi wa kimataifa. Hospitali ikapata cheti cha ubora, picha zikapigwa, yeye akatangazwa kupanda ngazi. Hospitali yenye wodi iliyofungwa kwa mlipuko wa maradhi isingepata hata karatasi ya mahudhurio.

Hayo yalitosha kumfanya Sindano aamini. Hayakutosha mahakamani. Wangesema kichupa kilichanganyika, ajali. Kilichohitajika ni muuaji mwenyewe, hai, aliyetoka tumboni mwa mmoja wa marehemu, ili ijulikane kuwa alikuwepo siku zote na angeonekana kama angeachwa aonekane. Na huyo alibaki mmoja tu. Mama Sahani, kwa wasiwasi wake, alificha nyuma ya friji choo cha mgonjwa wa kumi na moja. Kilikuwa kidogo, kimeisha chote kwa kupandwa sahani moja, na sahani hiyo ilikuwa Sandukuni tangu juzi, kwenye punje mpya.

Waliinama pamoja. Ndani, nyuma ya plastiki, yalionekana madoa ya rangi ya manjano iliyopauka, kingo zake zimechakaa kama kioo kilichopasuliwa kwa ukucha.

"Ndiye," Mitungi akanong'ona, japo hakukuwa na wa kumsikia.

Gari lilikuwa linangoja chini kupeleka sahani hiyo kwenye maabara ya chuo, ng'ambo ya mji. Lakini isingeweza kubebwa hivihivi. Mitungi alieleza kuwa wodini muuaji huyu anaishi kwa kuwa amejivika ganda. Anakaa kwenye kitasa, kwenye kitanda, kwenye mikono iliyosuguliwa dawa ya spiriti, wala hashtuki. Humu, akiwa mchanga wa siku mbili, bado yu uchi. Hewa ikimfikia dakika tano, amekwisha. Lazima aingizwe kwenye mfuko wa safari, pamoja na pakiti inayomeza hewa na karatasi ya rangi ya kuonyesha hali, mfuko ubanwe kwa klipu, na yote yafanyike ndani ya Sanduku. Kisha ungojwe nusu saa kabla ya kutolewa, pakiti imalize kazi yake.

"Fanya wewe," Sindano alisema.

"Siwezi, afande. Mimi ni shemeji wa mshtakiwa. Nikigusa hiyo, mwanasheria atacheka mpaka ashikwe mbavu."

Ilikuwa kweli. Na wafanyakazi wengine wote walipewa likizo ya lazima jana, kwa barua. Alikuwa yeye tu. Mitungi alimwonyesha pedeli ya kusukuma gesi kwenye mikono, akamweleza asichomoe mikono kwa ghafla hata kama jengo linaungua, maana kila tundu lina kifuniko ambacho lazima kirudishwe kutoka ndani kwanza. Ukichomoa bila kukifunga, hewa inaingia kama maji ya mtoni. Kisha akaenda kwenye banda la mitungi nje, kusimamia presha isishuke.

Sindano akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingiza mikono. Raba zikambana karibu na vifundo vya mikono. Akasikia joto la ndani likimlamba vidole, joto la mwili wa mtu. Mgongo wake ulikuwa umeuelekea mlango. Bastola ilikuwa kiunoni, karibu sana, na mbali kama nchi nyingine.

Akatoa vifuniko, akavuta mfuko, akaingiza pakiti. Karatasi ya rangi iliyoning'inia ukutani mwa Sanduku ilikuwa nyeupe. Hakuna hewa. Akaishika sahani kwa mkono wa kushoto.

Ndipo doa jeupe likasogea juu ya plastiki mbele ya macho yake. Alidhani ni mwanga. Lilikuwa koti la maabara, na juu yake mvi safi.

"Endelea tu, mwanangu," alisema Bwana Cheti nyuma yake. "Usishtuke. Kazi hii haitaki haraka."

Mlango ulifungwa. Akasikia komeo likiingia.

"Askari wangu umempeleka wapi, daktari?"

"Yuko ofisini kwangu anakunywa chai. Mtoto wa watu, amesimama siku mbili." Sauti ilisogea. "Wamekuachia kazi hii peke yako? Mikono ya polisi ni ya pingu. Wanawake wangu hapa hufundishwa mwaka mzima kabla sijawaruhusu kuingiza kidole."

 Sindano alianza kuusogeza mfuko kwa mkono wa kulia, taratibu, bila kuuangalia. Bwana Cheti akaendelea kuzungumza, kwa upole ule ule, kama anayesoma ripoti. Alisema watu wa nje hawaelewi hospitali inavyoendeshwa. Alisema wagonjwa wengi wangekufa hata hivyo, walikuwa wazee, walikuwa dhaifu. Alisema alihitaji wiki tatu tu, mpaka wakaguzi waondoke, halafu kila kitu kingepimwa upya, kimyakimya, na wodi ingesafishwa. Wakaguzi wakaahirisha. Wiki tatu zikawa sita. Hakusema kuwa alifanya nini. Alisema "ilibidi," kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine chumbani aliyemlazimisha.

"Na Mama Sahani?" Sindano aliuliza.

"Ana miaka hamsini na nane. Angestaafu tu."

Alikuwa amefika. Sindano alisikia pumzi yake sikioni, harufu ya sabuni nzuri. Kisha kitu kikavu na baridi kikaingia ndani ya mkono wa turubai, kikateleza juu ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, polepole, kikashuka hadi kwenye raba. Vidole. Vikajipenyeza kati ya raba na ngozi yake, vikainua.

Sanduku likalia kama mtu aliyebanwa koo. Hewa ilikuwa inaingia.

Angeweza kuchomoa mikono. Nusu sekunde, ageuke, bastola. Na sahani ingekufa, na saa nane mwanamke mmoja angesomewa mashtaka ya kuua watu kumi na mmoja. Alimwona mwanawe amesimama mlangoni na mikono yake hewani. Hakuchomoa. Karatasi ukutani ilikuwa inaanza kubadilika pembeni, ubuluu mwepesi, kama jicho linalovilia damu.

"Dakika tano," Bwana Cheti alimnong'oneza. "Simama tu. Hakuna atakayeumia."

Sindano akaiweka sahani kwenye ukingo wa rafu ya ndani, akakunja kiganja cha kushoto kurudi nyuma mpaka mfupa ukalia, akavipata vile vidole vilivyochungulia kwenye raba, akavidaka. Akavuta kwa nguvu zake zote.

Mkono wa daktari uliingia mzima hadi juu ya kifundo. Kifua chake kikagonga mgongo wa Sindano, miwani ikamvuka sikio na kuanguka. Raba ikawabana wote wawili pamoja, mkono juu ya mkono, na mlio ukakatika. Tundu liliziba. Kilichoziba ni yeye.

Alijaribu kujitoa. Sanduku zima likatikisika, na sahani pale ukingoni ikateleza.

Sindano aliiona ikianguka na hakuwa na mkono wa kuipokea. Wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania kifundo cha daktari, wa kulia ulikuwa umeshika mfuko. Sahani ikainama, kifuniko kikaanza kuachana nayo, na mkono wa daktari ukaidaka. Uliidaka hewani, kitako chini na kifuniko juu, kidole gumba kimekibana kifuniko mahali pake, kwa ulaini ambao haufundishwi kwa mwaka mmoja. Alikuwa ameshikilia sahani miaka thelathini kabla ya vyeti, na mkono haukumngoja aamue.

Wakaganda hivyo. Sasa muuaji alikuwa kiganjani mwake. Kukunja ngumi tu, na yangekwisha.

Sindano alisikia moyo wa mtu yule ukigonga mgongoni mwake, au ulikuwa wake mwenyewe. Hakukaza mkono. Alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua, kuwa hiyo ni ya kitanda cha dirishani. Fundi cherehani. Alilazwa kwa ngiri, akaacha nguo za watu kwenye mashine, akawaambia wateja atarudi Ijumaa.

 Bwana Cheti alikuwa ameinama juu ya bega la Sindano, anaitazama sahani kwa macho yasiyo na miwani, kwa karibu sana, akiigeuza kidogo kwenye mwanga kama wanavyofanya wenye kazi yao.

"Ameota vizuri," alisema.

Nyuma yao mlango wa nyuma, wa kuelekea banda la mitungi, ulikuwa wazi, na Mitungi alikuwa amesimama hapo na spana mkononi. Presha ilishuka ghafla, akaja kuangalia. Alikuwa amesikia.

"Usimguse," Sindano alimwambia. "Wala mimi usiniguse. Kanyaga pedeli."

Mitungi akakanyaga. Gesi ikaingia kwa mlio mrefu. Sindano akaufungua mdomo wa mfuko kwa mkono wa kulia, akaupitisha juu ya sahani na vidole vilivyoishika, akausogeza, akavibandua vidole kimoja kimoja. Klipu ikalia. Ndani ya mfuko, karatasi yake ndogo ilikuwa na weusi wa buluu katikati. Wote watatu wakaiangalia. Dakika ya kwanza haikubadilika. Ya pili haikubadilika. Ya nne, kona moja ikapauka.

Alimwelekeza Mitungi atoe simu kwenye koti lake na kumwekea sikioni. Afisa wa zamu kituoni akasema gari la mahabusu limeshaondoka na wanawake wanne, limewahi kwa ajili ya foleni. Sindano akamwambia aligeuze. Afisa akauliza kwa amri ya nani, maana yeye ana watoto. Sindano akamtajia jina lake kamili na namba yake ya kazi, mara mbili, taratibu, aandike.  Kisha akasikia kiti kikisukumwa, na mtu anapiga kelele koridoni akimwita dereva kwenye redio.

Bwana Cheti alikuwa ametulia. Uzito wake ulikuwa umemlalia Sindano mgongoni kama mzigo wa nguo mbichi.

"Mkono umekufa ganzi," alisema, kwa adabu. "Naomba niutoe."

Sindano aliitazama karatasi ndani ya mfuko. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.

"Bado, daktari," alisema. "Nusu saa. Ukiutoa, hewa itaingia."